Mtaro Chini ya Dirisha la Mama

Mpira ule wa maji tuliukuta nyuma ya mlango wa stoo, umekunjwa duara na kufungwa kwa ukindu, unaning'inia kwenye msumari wake. Zamani ulikuwa unaona ndani yake kama kioo. Sasa umekuwa wa manjano, rangi ya chai iliyozidi maji. Ndugu yangu Haji aliushusha, akaukung'uta, akaniuliza kama autie kwenye gunia la vitu vya kutupa. Nikamwambia anipe mimi. Nikauweka puani. Nilidhani utanuka plastiki ya zamani, lakini harufu iliyokuja ni ya udongo uliolowa, udongo mwekundu wa kilimani kwetu, ule tunaouita kinongo. Haji naye akanusa, akasema hasikii kitu.

Simlaumu. Yeye alizaliwa mtaro umeshamea majani.

Zilikuwa zimepita siku chache tu baada ya hitma ya arubaini ya Baba. Mama alikuwa chumbani kwake, amekaa eda, na sisi tulikuwa tunatoa vitu vya Baba taratibu, kwa sababu Mama alituambia hataki kusikia vishindo kama vile mtu amehama nyumba. Basi nilikaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpira mapajani, na mambo yote yakarudi kwa mpango wake. Nitayasema kama ninavyoyakumbuka. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Tulihamia Welezo nikiwa na miaka saba hivi. Kabla ya hapo tulikuwa tunakaa Mkunazini, chumba kimoja cha kupanga ghorofani, kwenye ngazi za mbao zilizokuwa zikimtangaza kila anayepanda. Baba alikuwa fundi wa chokaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza madari na kuta za nyumba za Mji Mkongwe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutafuta maji yanaingia wapi. Alikuwa akisimama chumbani kwa watu, akaangalia doa ukutani, kisha akapanda juu na kwenda kugonga mahali ambapo hakuna aliyepafikiria, labda upande wa pili kabisa wa nyumba. Wenye nyumba walikuwa wakibisha. Mvua ikinyesha walikuwa wakinyamaza.

Kiwanja alichokipata Welezo kilikuwa mteremko mtupu. Waliotangulia walishachukua penye usawa. Ukiangusha chungwa kwenye mlango wa jikoni, ulikuwa unakwenda kuliomba kwa jirani wa chini. Baba alijenga kwa mawe na udongo, akapiga lipu ya chokaa, akaezeka mabati. Ili kupata pa kusimamisha nyumba ilimbidi aukate mlima, kwa hiyo chumba cha nyuma, ambacho ndicho walichokuwa wakilala yeye na Mama, ukuta wake ulikuwa umeegemea ardhi mpaka usawa wa kiuno cha mtu mzima. Juu ya hapo palikuwa na dirisha dogo lenye mbao mbili. Tulihamia wakati wa kiangazi na nyumba ilikuwa nzuri. Ilipokuja vuli, ukuta ule ukaanza kutoka jasho. Ukiugusa unaacha kiganja. Pembeni pakaota ukungu wa kijani, na Mama, ambaye alikuwa na pumu tangu usichana wake, akawa anakaa kitandani usiku kucha badala ya kulala, mikono juu ya magoti, anatafuta pumzi.

Baba aliuangalia ukuta ule kwa siku nyingi. Halafu akasema maji hayatoki ukutani, yanatoka mlimani, na kama tunataka Mama alale lazima tuyazuie huko huko kabla hayajafika. Alisema vile mbele yangu, lakini akimwambia Mama, na mimi nilikuwa nafukuza kuku. Laiti ningesikiliza.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu bila ya Bibi kosa langu halieleweki.

Bibi, mama yake Mama, alifariki mwaka mmoja kabla ya hapo, nyumbani kwake Ng'ambo, katika nyumba ya udongo yenye sakafu ya udongo iliyosuguliwa miaka mingi ikawa nyeusi na laini. Watoto hatukuambiwa. Tulipofikishwa asubuhi tuliambiwa Bibi anaumwa sana, tukae uani tusipige kelele. Mimi nilichungulia. Nilimwona mwanamume akitoka chumbani kwake ameshika ufito, ameweka kidole mahali, akaukata pale pale kwa kisu. Kisha wakaingia wengine wawili na jembe. Wakaivunja ile sakafu nzuri ya Bibi na kuchimba kando ya ukuta, shimo refu kama kitanda, la kina cha goti. Juu yake wakaweka kitanda cha kamba, na mlangoni wakatundika khanga. Nikamuuliza binti wa mama mkubwa, aliyekuwa amenizidi miaka, kile ni kitu gani. Akanijibu bila ya kunitazama.

"Ufuo. Wanamchimbia Bibi."

Kwa asiyewahi kuuona, ufuo ni shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti. Maji yale hayaachwi yakaenda ovyo. Hupokewa hapo hapo, yakanywewa na ardhi, na baadaye shimo likafukiwa. Siku hizi nyumba nyingi zina sakafu ya saruji na watu hufanya vingine, lakini waliolingana na mimi kwa umri wengi wamewahi kuuona. Mimi sikuelezwa hayo. Nilichokiona ni kwamba mchana Bibi hakuwepo, na shimo lilikuwa limefukiwa, limenyunyiziwa maji na kusawazishwa, kama vile halikuwepo. Katika kichwa changu mambo yalijipanga hivi: Bibi aliumwa, akapimwa, akachimbiwa, akaondoka. Kwamba alikuwa ameshaondoka kabla ya ufito na kabla ya jembe, hakuna aliyenieleza na mimi sikuuliza.

Basi alasiri moja Baba alirudi kutoka mjini na mpira mpya, ule niliokuja kuukuta stoo. Akaujaza maji mpaka mapovu yote yakatoka. Akaniita.

"Riziki."

"Naam, Baba."

"Shika ncha hii hapa kwenye kigingi. Usiinyanyue, usiiteremshe. Kama jiwe."

Nikashika kama jiwe. Yeye akaenda na ncha ya pili hatua tano mbele, akasubiri maji yatulie, akatia alama ya mkaa kwenye kigingi chake pale maji yaliposimama, akarudi kutia kwenye kigingi changu. Halafu kutoka kwenye ile alama yake akateremka vidole viwili na kutia alama nyingine. Alifanya hivyo hatua tano kwa hatua tano, nyuma ya nyumba yote, vidole viwili kila mara, kimya. Mimi nilimuuliza anapima nini. Akasema anapima mtaro. Nikafurahi, maana sikujua mtaro ni nini na nilikuwa mtu wa kazi.

Siku ya pili akaanza kuchimba. Na kwa kuwa pabaya zaidi palikuwa nyuma ya chumba cha Mama, hapo ndipo alipoanza. Nilirudi kutoka chuoni, msahafu kifuani, nikazunguka nyumba kumtafuta, nikaliona. Chini ya dirisha la Mama, sambamba na ukuta, palikuwa na shimo refu kama kitanda, la kina cha goti.

Sikulia. Nilikwenda kukaa karibu na Mama nikamhesabia pumzi.

Siku zilizofuata Baba aliurefusha mtaro ule huku na huku, ukapanda pembeni mpaka nyuma ya choo na ukateremka pembe ya pili kuelekea mpakani. Udongo alioutoa aliuweka upande wa nyumba, akaupiga ukalala kama mgongo, ili tone lolote litakaloanguka hapo nalo likimbie ukuta. Mtu mwingine angeona kazi ya maji. Mimi sikuuona mtaro. Niliona shimo la Mama, na mikono miwili iliyoongezwa ili lisionekane.

Huko mpakani ndiko alikokuwa Bi Mize. Bi Mize alikuwa Mtumbatu, mjane, anauza dagaa wakavu, na migomba yake ilianza pale pale kiwanja chetu kilipoishia. Alipouona mtaro unateremka kuelekea kwake alikuja akasimama, mikono kiunoni.

"Fundi, maji yako yana tabia mbaya. Yanaingia kwangu bila hodi."

Baba akamwambia ni maji ya mvua, ya Mwenyezi Mungu.

"Ya Mungu yakiwa juu," akasema Bi Mize. "Yakishapita kwako ni yako. Ukiuleta mtaro huo kwenye migomba yangu n'taufukia mchana kweupe, na mashahidi n'tawaita mwenyewe."

Walibishana pale kwa muda, sikumbuki yote. Ninachokumbuka ni Baba kuteremsha sauti. Alisema Mama Riziki kifua hakimwachi, na akilala na unyevu ule masika hii hajui kama atafika mwisho wake. "Lazima nimalize kuchimba kabla," akasema. Bi Mize akasema afya ya mkewe ni jambo moja na migomba yake ni jambo jingine, akaondoka.

Mimi nilikuwa nyuma ya choo. Nilisikia mambo mawili tu: hajui kama Mama atafika, na lazima amalize kuchimba kabla.

Alhamisi chuo chetu kilikuwa kikifunga adhuhuri. Alhamisi ile Baba alikuwa mjini, anatengeneza dari la nyumba moja upande wa Forodhani. Mama amelala. Nilichukua karai na kifuu cha nazi nikaenda nyuma. Haikuwa kazi ngumu kama mtu anavyoweza kufikiri, kwa sababu Baba alishauweka udongo tayari pembeni. Nililala chali nikausukuma kwa miguu, na uliobaki nikauteka kwa kifuu. Sikuufukia mtaro wote. Sikuwa na ugomvi na mtaro. Nilifukia pale chini ya dirisha tu, urefu wa kitanda, kisha nikanyunyizia maji na kupakanyaga kama nilivyoona kwa Bibi, mpaka pakalingana na ardhi. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimemwokoa mtu.

Nikaingia ndani nikalala ubavuni pa Mama. Akafumbua macho, akanishika viganja.

"Mikono yako imefanya nini?"

Nikasema nilikuwa napika, mchezo wa kupika udongo. Ni uongo wa kwanza ninaoukumbuka maishani mwangu.

Mvua ilikuja alasiri ile ile. Haikuanza na manyunyu. Ilianguka juu ya bati kwa mkupuo mmoja na tukawa hatusikilizani. Leo najua kilichotokea nyuma ya nyumba, na naweza kumchorea mtu yeyote. Mtaro ulifanya kazi yake sawasawa: ulikusanya maji ya mlima mzima, kutoka nyuma ya choo mpaka ukutani, ukayaleta kwa mwendo mzuri wa vidole viwili kila hatua tano, ukayafikisha pale nilipofukia. Hapo yakakosa njia. Na ule mgongo wa udongo uliokuwa unakinga ukuta, ndio niliokuwa nimeutia shimoni. Kama Baba asingechimba kitu kabisa, tungepata unyevu. Kwa nilichokifanya mimi, tulipata mto.

Maji yalianza kupenya chini ya ukuta, mekundu, yakitambaa sakafuni kimya kimya. Kisha lipu ikabanduka kipande kikubwa kama mlango, ikaanguka, na nyuma yake maji yakawa yanachuruzika katikati ya mawe. Mama alikaa kitandani. Alinyanyua mkono kuniashiria nitoke, maana alikuwa hana pumzi ya kusema. Nilimshika mguu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikafikiri nimechelewa, kwamba ufuo umekasirika na unamfuata ndani.

Aliyeingia alikuwa Bi Mize, gunia kichwani, amelowa mpaka magotini. Hakuja kutuokoa. Alikuwa amesimama kwenye migomba yake na jembe, anayasubiri maji ya Baba ili agombane nayo, na mvua yote ile mtaro ukawa mkavu pale mwisho. Hilo ndilo lililomleta. Alisema baadaye kwamba maji ya jirani yasipokuja yanatisha kuliko yakija. Aliiona hali ya chumba. Aligeuza mgongo, akamvuta Mama mikono, akambeba mgongoni kama mtoto na kuteremka naye kwenye mteremko ule wa utelezi, mimi nyuma yao nimeshika ncha ya khanga.

Nyumbani kwake alimkalisha Mama karibu na dirisha, akamlegeza nguo, akawa anamsugua mgongo kwa mafuta ya nazi ya moto, anampimia pumzi kwa sauti, vuta, toa, kama anayefundisha mtoto kusoma. Taratibu, taratibu sana, sauti ile ya filimbi kifuani ikaanza kupungua. Mvua ilikuwa imelegea Baba alipotokea mlangoni. Alishapita nyumbani. Jembe lilikuwa mkononi na suruali yake ilikuwa nyekundu mpaka mapajani, kwa hiyo nilijua amekwisha kuufungua mtaro.

Alimtazama Mama kwanza. Akaona anapumua. Kisha akamgeukia Bi Mize, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bi Mize, umefanya kweli."

"Nimefanya nini?"

"Mtaro. Umeufukia chini ya dirisha la mgonjwa. Ulisema utaufukia na umeufukia."

Mkono wa Bi Mize ulikuwa bado mgongoni mwa Mama, unang'aa mafuta. Aliuangalia mkono ule kama vile si wake. Mama alitikisa kichwa, alitaka kusema kitu, pumzi haikutosha. Na mimi nikaona kwamba Bi Mize anaanza kusimama, na kwamba akishasimama na kusema atakalosema, hatutakuwa tena na jirani, na labda Mama itabidi anyanyuliwe arudishwe kwenye maji.

"Baba, ni mimi."

Hakunisikia, au alidhani sijui ninachosema. Nikarudia. Akachutama mbele yangu, jembe akalilaza chini.

"Wewe umefukia nini?"

"Ufuo wa Mama," nikasema. "Sitaki aondoke."

Mama alifunika uso kwa khanga na mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka, nilimuuliza siku moja akasema na yeye hajui. Bi Mize ndiye aliyejisogeza kwanza. Aliniketisha mapajani pake, akanipaka mafuta yaliyobaki mkononi kwenye kichwa changu, na akamwambia Baba:

"Fundi, umeupima mlima mzima kwa vidole. Mtoto wako hukumwambia neno."

Baba akamwomba radhi pale pale.

"Ya leo siitaki," akasema Bi Mize. "Leo umelowa, utasema lolote. Njoo kesho umekauka."

Akaenda kesho yake baada ya sala ya Ijumaa, amevaa kanzu, akamwomba radhi mbele ya majirani waliokuwa wametoka msikitini, kwa sababu alisema amemdhania mbele ya watu wa nyumba yake na atalifuta mbele ya wengi zaidi. Bi Mize alimwacha asimame juani kidogo, halafu akamwambia mtaro aulete. Ila mwisho wake kwenye migomba Baba aweke mawe, maji yavunjike nguvu, yasije yakachimba mashina. Baba aliyapanga mawe yale mwenyewe. Mvua iliyofuata maji yalipofika pale yakawa yanagonga mawe, ko ko ko, na Bi Mize akatuita twende tusikie. Akasema sasa yamejifunza kupiga hodi.

Mimi sikupigwa. Nilingoja kupigwa siku kadhaa. Badala yake Baba alinichukua nyuma ya nyumba na ule mpira, akanirudisha kwenye kigingi changu cha kwanza, na safari hii alisema. Alinionyesha kwamba maji ya ncha mbili hukaa sawa hata kama ardhi ya chini inapanda na kushuka, na kwamba macho ya mtu kwenye mteremko hudanganya, lakini mpira hausemi uongo. Akanieleza vidole viwili ni kwa ajili gani: ukizidisha, maji hukimbia yakala udongo, ukipunguza, yanalala yakaingia nyumbani. Akaniacha nitembee ndani ya mtaro kwa miguu mitupu kutoka juu mpaka kwa Bi Mize. Tulipofika kwenye mawe akaniuliza ule ufuo wa Bibi ulikuwa unatokea wapi. Nikafikiri. Nikasema haukuwa unatokea popote.

"Basi ndiyo tofauti yake," akasema. "Ule hauna mdomo. Maji yale hayatakiwi kwenda popote, yanakaa na mwenyewe. Huu una mdomo. Nimeuchimba ili Mama yako abaki."

Nilisema nitakuwa mkweli, basi niseme pia kwamba mtaro haukumponya Mama pumu. Anayo mpaka leo. Lakini ukuta ule ulikauka kabla ya masika kwisha. Baba aliupiga lipu upya, ukungu haukurudi, na Mama akawa analala chali. Miaka mitatu baadaye akazaliwa Haji katika chumba kile kile. Ukingo wa juu wa mtaro tulipanda mchaichai ushike udongo, na tangu hapo chai ya nyumbani kwetu haijawahi kukosa majani. Migomba ya Bi Mize ilinenepa mpaka akawa anatuletea mikungu na kusema ni ushuru wa maji.

Sikusoma sana. Nilifika darasa la kumi nikaacha. Lakini jambo la maji na mteremko nalijua, na silisemi kwa majivuno. Kila mwaka kabla ya masika nilikuwa nikisafisha mtaro na Baba, tunatoa majani na udongo uliolala, tunarudia kupima. Miaka ya mwisho yeye alikuwa akikaa kwenye kiti na kushika ncha moja kama jiwe, na mimi natembea na nyingine. Watu wanaojenga juu yetu siku hizi wanasakafia uwanja wote kwa saruji na kushangaa maji yamewatokea wapi. Huniita. Nakwenda, nawaambia wauinamishe uwanja utoke ukutani na waniambie kwanza jirani wa chini ni nani. Mvua ikinyesha hawapigi simu tena.

Baba aliugua siku tisa akafariki asubuhi. Walipokuja wa kumwosha, nyumba yetu sasa ina sakafu ya saruji na vigae, wakaangalia huku na huku, na mmoja wao, mtu mwema, akasema wamwoshee nyuma ya nyumba, wazungushe shuka, maji yataondoka kwa mtaro. Alisema mtaro wenyewe si ndio huo, umetengenezwa vizuri.

Nikamwambia huo una mdomo.

Hawakunielewa na sikuwa na nguvu ya kueleza. Haji alitaka kulichukua jembe. Nikamwambia yeye aende msikitini akalete jeneza, hili ni langu. Nilichimba upande wa pembeni, hatua nane kutoka ukutani, kwa sababu hata siku ile sikuweza kuleta maji karibu na ukuta wa Mama. Urefu wa kitanda, kina cha goti. Chini nikapasawazisha, nikamwaga kata moja ya maji nikaangalia. Yalisimama, hayakwenda huku wala huku, yakazama pale pale.

Bi Mize alikuja na fimbo yake. Amekuwa mzee sana, mgongo uliombeba Mama umepinda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama juu ya shimo akiangalia ndani.

"Riziki, huo wa kwenda au wa kukaa?"

"Wa kukaa, Bi Mize."

"Haya," akasema. "Pembe ile iongeze kidogo. Alikuwa mrefu."

Nikaiongeza.

Baada ya wanaume kuondoka na jeneza, tahlili yao ikapotea chini ya kilima, wanawake walirudi ndani na mimi nikabaki nyuma. Maji yalikuwa yameshanywewa. Niliufukia kwa mikono, sikutaka jembe, nikaukanyaga pole pole mpaka pakalingana na ardhi. Mpira ule wa Baba nimeurudisha kwenye msumari wake, na kabla ya masika nitamfundisha Haji kushika ncha. Lakini siku ile nilipomaliza niliingia chumbani kwa Mama nikakaa ubavuni pake, na ukuta nyuma yetu ulikuwa mkavu. Akanishika viganja akaviangalia, vyekundu mpaka kwenye vifundo.

"Mikono yako imefanya nini?"

"Nimefukia ufuo wa Baba," nikamwambia.